Ahadi ya baharini tuitimize nchi kavu

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu zangu Waislamu, likizo ya Juni iliyopita niliichukua familia yangu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko. Siku moja tulikodi mashua ya tanga, tukasoma dua ya kupanda chombo, tukavuka kwenda Kilwa Kisiwani. Ndani ya ule Msikiti Mkuu wa kale niliwasimulia watoto kwamba Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 na kumkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abul-Mawahib kwa sababu ya ukarimu wake. Nikawausia nao wawe watoaji.

Kutoka hapo tulikwenda Songo Mnara. Alasiri, wakati wa kurudi, upepo wa kusi ukazidi. Mawimbi yakapanda hadi ndani. Nahodha akaamuru tanga lituliwe, na baharia wake akawa anafua maji kwa ndoo. Mke wangu aliwakumbatia watoto. Mimi niliinua mikono, nikasema kwa sauti: "Ya Rabbi, tufikishe salama, nami nitampa dada yangu haki yake."

Haki gani? Marehemu baba yetu aliacha nyumba ya kupangisha. Tangu afariki, kodi naipokea mimi peke yangu. Dada akiuliza, namwambia asubiri, kwani yeye ana mume wa kumtunza. Na swala tano msikitini sikosi!

Alhamdulillah, tulifika. Usiku ule ule, nikiwa nimeshiba samaki, nilianza kutafuta visingizio: nyumba inahitaji ukarabati, ada za shule zimekaribia. Ndipo mwanangu akaniuliza, "Baba, shangazi utampa lini?" Sikuwa na jibu.

Katika Suratul Ankabut, aya ya 65, Allah anawataja washirikina wanaomwomba Yeye peke yake wakiwa chomboni, lakini akishawaokoa wakafika nchi kavu, wanarudia ushirikina wao. Nilizoea kuisoma aya hiyo nikiwafikiria Makuraishi. Siku ile niliona kwamba tabia ya kumsahau Mwokozi baada ya kuokoka ninayo na mimi.

Ndugu Muislamu, Suratun Nisaa, aya ya 7, imethibitisha kuwa wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Fungu hilo si hisani ya kaka, wala haliondoki kwa sababu dada ameolewa. Na wanazuoni wametufundisha kuwa haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake, mpaka irejeshwe kwa mwenyewe au asamehe kwa ridhaa yake.

Tuliporudi Dar es Salaam nilimwita dada, tukaenda kwa sheikh akatupigia hesabu ya mirathi, pamoja na kodi niliyokwisha kula. Deni ni kubwa, naendelea kulilipa. Wewe je, unasubiri mpaka mashua iyumbe?

Wabillahi tawfiq.