Kusoma Kabla ya Nyika: Insha juu ya Vitabu vya Msafiri

Kuchagua vitabu kabla ya kwenda jangwani ni kutoa hukumu kwa niaba ya mtu asiyekuwapo, kwa kuwa anayechagua yuko nyumbani, ameshiba, ana maji karibu na majirani wa kuazimana nao, ilhali atakayesoma, ingawa ana jina lilelile, atakuwa amechoshwa na jua, hana shughuli tangu jua linapopanda hadi alasiri, wala hana pa kupata kitabu kingine iwapo alichokibeba kitamchosha. Uchaguzi wa namna hii, ambao unaweza kuitwa uchaguzi wa kabla, unatofautiana na ule wa mtu aliyesimama mbele ya rafu ya maktaba, kwa sababu huyo wa maktaba anaweza kurudisha kesho alichokosea kukiazima leo, na kosa lake halimgharimu zaidi ya nauli ya daladala.

Isevya, kata iliyomo ndani ya mji wa Tabora, haiko jangwani, na mkazi wake aliyezoea miembe na asali ya miombo anaweza kudhani kwamba swali hili halimhusu. Hata hivyo mji huo ulikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji, na hakuna aliyefika Unyanyembe, nchi iliyouzunguka mji huo, kutoka pwani kwa njia hiyo bila kuvuka kwanza Marenga Mkali, kisha Ugogo, kisha Mgunda Mkali, yaani lile pori kavu lililoitenga Ugogo na nchi ya Wanyamwezi. Huko ndiko ulikotumika mwendo ulioitwa tirikeza: msafara uliondoka baada ya adhuhuri, maji yakibebwa vibuyuni, ukalala mahali pasipo kisima, ukaondoka tena alfajiri ili ufike kwenye maji kabla kiu haijawa maradhi. Leo pori hilo hupitwa kwa treni kati ya Manyoni na Tabora, na jangwa analoliwazia mtu wa Isevya huenda likawa la mbali zaidi, kama vile mchanga wa Sharqiya nchini Oman, ambako ndiko asili ya baadhi ya koo za Waarabu waliojenga Unyanyembe katika karne ya 19. Masharti ya swali hayajabadilika kwa umbali huo: siku nyingi, vitu vichache, na hakuna kurudi dukani.

Sharti la kwanza ni uzito, na katika njia ya misafara uzito ulikuwa na kichwa cha mtu chini yake. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia kilo 30. Nguo, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya njia, zilifungwa mtumba mrefu kama mto mkubwa wa kulalia, zikazungushiwa makanda na kukazwa kwa kamba, na mtumba huo ukafungiwa vijiti ili mpagazi aweze kuuegemeza mtini anapopumzika bila kuulaza chini, kwa maana mzigo uliolazwa chini ni lazima uinuliwe upya. Kasha lilichukiwa, kwa kuwa lina kona zinazochoma bega, na lililokuwa zito lilitundikwa kwenye mti likabebwa mzegazega na watu wawili. Vitabu, kwa bahati mbaya ya waliovibeba, ni vitu vya makasha. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba shirika la ndege la leo humruhusu abiria sanduku la kilo 23, au 30 akibahatika, yaani kiasi kilekile ambacho mabega ya Wanyamwezi yalikwisha kukikubali kuwa kikomo cha haki. Tofauti ni kwamba abiria haoni anayelibeba, na kwa hiyo hupakia kwa wepesi zaidi wa moyo.

Henry Morton Stanley, katika safari yake ya pili iliyoanza Bagamoyo mwezi Novemba 1874, alibeba mizigo mitatu ya vitabu, ratili 180 hivi, ambazo ni kama kilo 80. Kwa maelezo yake mwenyewe, watu wake walivyopungua kwa njaa, vita na maradhi, ndivyo vitabu vilivyotupwa kimoja kimoja, hata alipobakiwa na chini ya maili 300 kuifikia bahari ya Atlantiki mwaka 1877 mkononi mwake vilikuwa vimesalia vitano tu: Biblia, Shakespeare, kitabu kimoja cha Thomas Carlyle, kitabu cha Norie cha kuongozea vyombo baharini, na kalenda ya nyota ya mwaka huo. Shakespeare alichomwa moto kando ya mto Kongo, wenyeji walipoyashuku maandishi ya mgeni na kudai yateketezwe, naye akakitoa kitabu hicho mahali pa daftari lake la safari. (Mahali penyewe amepataja kwa majina mawili katika maelezo mawili, Zinga na Mowa, na msomaji ana haki ya kukumbuka kwamba Stanley alikuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwa mpelelezi.) Karibu na mwisho Carlyle, Norie na kalenda vikaachwa pia, ikabaki Biblia peke yake.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba kila msafiri huchagua mara mbili, mara ya kwanza anapopakia na mara ya pili anapotupa, na kwamba uchaguzi wa pili ndio wenye ukweli zaidi, kwa sababu wa kwanza huweza kuongozwa na fahari, na desturi, na picha ambayo mtu angependa kuwa nayo juu ya nafsi yake, ilhali wa pili huongozwa na haja. Kinaonyesha pia tofauti ambayo wanafalsafa tangu Aristotle wameisisitiza, kati ya kitu kinachotakiwa kwa ajili ya kitu kingine na kitu kinachotakiwa kwa ajili yake chenyewe. Kitabu cha Norie kilidumu kuliko vingine vingi kwa kuwa kilimwonyesha njia, na kikatupwa mara njia ilipojulikana, kwani chenye thamani ya matumizi hufa pamoja na matumizi yake. Anayepakia vitabu vya kumwelekeza jangwani, vya hali ya hewa, vya ramani na vya majina ya nyota, hakosei, lakini asidhani kwamba amekwisha kuchagua cha kusoma.

Sharti la pili ni muda, na hapo Tabora ina ushahidi ulio bora kuliko wa Kongo. Mpelelezi David Livingstone alifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa leo, pamoja na Stanley mwezi Februari 1872. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi, na mzee akabaki katika tembe akiwangoja wapagazi walioahidiwa, hata akaondoka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano ya kungoja ni jangwa la aina yake hata pale penye maziwa na ngano. Shajara yake ya miezi hiyo inamwonyesha akisoma vitabu vya wasafiri waliomtangulia, wakiwamo Speke, ambaye alibishana naye ukurasani, na Mungo Park, ambaye alimwamini. Yaani mtu aliyefungiwa njia alijilisha kwa njia za wengine. Kabla ya hapo, huko Manyema, alikokwama kwa ugonjwa na uhaba wa watu, aliisoma Biblia yote mara nne, na karatasi zilipomwishia akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya huko. Wapelelezi Burton na Speke nao, waliofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuwa na vitabu vichache, Shakespeare na Euclid miongoni mwavyo, wakavisoma pamoja tena na tena. Kitabu cha kusomwa mara moja huisha katika siku ya pili ya safari, na kinachostahimili kurudiwa hakipimwi kwa idadi ya kurasa.

Lakini kurudia kunadai kwamba kuna usomaji wa kwanza uliokwisha kufanyika, na hapa ndipo swali la vitabu vya safari linapogeuka. Inasimuliwa kuhusu Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, kwamba alipokuwa kijana akirudi nyumbani Tus kutoka masomoni, majambazi waliuvamia msafara wao wakachukua kila kitu, yakiwamo madaftari yake ya masomo. Aliwafuata akawasihi wamrudishie madaftari tu, kwa kuwa elimu yake yote ilikuwa humo, na mkuu wa majambazi akamcheka, akamuuliza vipi anadai kuwa na elimu ambayo mtu anaweza kumnyang'anya njiani. Alirudishiwa madaftari yake, na kwa miaka mitatu iliyofuata akawa anahifadhi moyoni kila alichokuwa ameandika. Falsafa ya elimu mara chache imeulizwa swali gumu kuliko hilo, nalo limetoka kinywani mwa mwizi: je, kuwa na kitabu ni kuwa na nini hasa, kama kuchukuliwa kwa karatasi kunamwacha mwenyewe mtupu? Watoto wa madrasa za Tabora, wanaohifadhi juzuu za Kurani kabla hawajaweza kueleza maana yake yote, wanakubaliana na jambazi huyo bila kumjua.

Kwa hiyo vitabu vya jangwani ni vile vilivyosomwa kabla ya jangwa, na vile vinavyotiwa sandukuni ni ukumbusho wake. Kauli hii ina pingamizi moja zito, nayo ni kwamba aliyesoma mno kabla ya kufika huona alichokisoma badala ya kuona kilicho mbele yake. Pingamizi hilo nalo lina historia yake mjini Tabora. Ramani iliyochapishwa mwaka 1856 kwa kazi ya wamisionari Erhardt na Rebmann, walioikusanya kwa kuwahoji watu wa misafara huku wao wenyewe wakiwa pwani, ilichora ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki, na ni ramani hiyo ambayo Burton na Speke waliisoma kabla ya kuondoka. Walipofika Kazeh walipokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman ambaye Burton, asiyekuwa mwepesi wa kusifu, alimsifu kwa kusoma kwake kwingi na kwa kumbukumbu yake. Na bwana huyo akawaeleza barazani kwamba bahari ile ya ramani ilikuwa maziwa matatu yaliyochanganywa. Speke aliondoka hapo mwezi Julai 1858 kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa amesimama kando ya ziwa la Nyanza, mojawapo ya hayo matatu.

Ni rahisi kusema kwamba kisa hicho kinawapendelea wenye kusafiri bila kusoma, lakini hukumu hiyo si sahihi. Asiyeiona ramani yenye kosa asingejua la kumuuliza Snay, na jibu la Snay lingepita masikioni mwake kama mazungumzo ya kahawa. Kusoma kabla kunampa msafiri swali, na ubora wa kitabu kilichosomwa hupimwa kwa namna swali hilo linavyoweza kusahihishwa na mwenyeji wa mahali. Kitabu kinachomfanya msafiri asiulize chochote ndicho cha kuogopa, hata kama kimeandikwa vizuri.

Simu imewafanya wengi waone kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa chombo kidogo kuliko kiganja kinaweza kubeba maktaba ambayo wapagazi mia wasingeiweza. Simu, hata hivyo, imeondoa uzito bila kuondoa uchaguzi. Imeuahirisha tu, ukatoka siku ya kupakia ukaenda kwenye saa ileile ya joto ambapo msomaji hana nguvu ya kuchagua. Mwenye vitabu elfu moja hemani, na betri inayopungua, hufungua sita akasoma kurasa tatu tatu. Mwanafalsafa Seneca alimwonya rafiki yake Lucilius juu ya tabia hiyo karibu miaka elfu mbili iliyopita, kabla ya betri yoyote.

Kama ni lazima kutaja, basi msafiri wa Isevya ana sababu ya kuanza na vitabu vya njia yake mwenyewe, ambavyo vingi viliandikwa na watu waliojua mzigo ni nini. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani mfanyabiashara Tippu Tip, yamesimuliwa naye mwenyewe kwa Kiswahili, na baba yake alikuwa na makazi Tabora na mke kutoka nyumba ya watemi wa Unyanyembe. Humo bei, madeni na siku za mwendo vimetajwa kwa ukavu wa daftari la biashara, na ukatili wa biashara ile, pembe za ndovu pamoja na watu, umeelezwa bila aibu, jambo linalomlazimu msomaji kuhukumu mwenyewe. Katika mkusanyo wa safari za Waswahili uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901 yumo Sleman bin Mwenye Chande na safari yake ya bara, na yumo pia Salim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia, nyika ya baridi, akayatazama ya Wazungu kwa jicho lilelile la udadisi ambalo Wazungu waliyatazamia ya Unyamwezi. Hata Shakespeare aliyechomwa Kongo hakukosa kurudi, kwani Julius Nyerere, aliyesoma na baadaye kufundisha Tabora, aliitafsiri tamthilia yake ya Juliasi Kaizari kwa Kiswahili mwaka 1963, na mwenye kutafsiri kitabu amekwisha kukihamishia mahali ambapo hakuna wa kumnyang'anya.

Vitabu hivyo si vizito, na kimoja au viwili kati yake vinatosha. Anayekusudia kusafiri mwezi ujao na avianze usiku wa leo, angali nyumbani, avimalize kabla ya kufunga sanduku, kisha abebe kile kimoja anachotaka kubishana nacho tena.