Bei ya Kuwa Karibu

Oktoba 2017 Bruce Springsteen, mwanamuziki wa Marekani aliyezoea kujaza viwanja vya mpira, alihamia ukumbi wa Walter Kerr, Broadway, mjini New York, wenye viti visivyofika 1,000. Karibu peke yake jukwaani, akiwa na gitaa na piano, alifanya maonyesho 236 hadi Desemba 2018. Tiketi za kawaida zilianzia dola 75 na kufika 850. Walanguzi waliziuza kwa maelfu.

Watu wamewahi kulipa zaidi kwa vitu vya kipuuzi zaidi, kwa hiyo bei yenyewe hainishtui. Ninachojiuliza ni walikuwa wananunua nini. Nyimbo wanazo nyumbani, zimerekodiwa kwa usafi ambao ukumbi hauwezi kuufikia. Sura yake wanaijua kuliko sura za wajomba zao.

Jibu la haraka ni majivuno: kwenda kuwaambia wenzako kwamba ulikuwepo. Majivuno yapo, sikatai. Lakini hayaelezi kwa nini mtu mzima analia ukumbini taa zikiwa zimezimwa, mahali ambapo hakuna wa kumwona.

Nadhani kinachonunuliwa ni uwezekano wa kuonekana. Uwanjani shabiki humwona msanii, tena mara nyingi kwenye skrini, naye msanii huona umati. Katika chumba kidogo macho yanaweza kukutana. Mtu wa safu ya tatu akikohoa, mwimbaji anamsikia. Mwimbaji akiteleza kwenye gitaa, mtu wa safu ya tatu anajua. Hakuna wa kujificha. Mapenzi ya shabiki kwa kawaida ni ya upande mmoja: miaka 30 anamsikiliza mtu asiyejua kama yeye yuko duniani. Usiku huu mmoja, kwa saa mbili, yule mtu anaweza kujua. Wala si lazima ajue. Inatosha kwamba anaweza, na hilo ndilo uwanja wa watu 60,000 hauwezi kulitoa hata spika zikiwa nzuri namna gani.

Tatizo ni kwamba bidhaa hii haiongezeki. Mkate ukipungua, mwokaji anaoka mwingine. Ukaribu ukiuongezea viti, unakwisha. Mchumi Fred Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mipaka ya kijamii ya ukuaji wa uchumi, aliandika juu ya vitu vya aina hii, ambavyo thamani yake inategemea kwamba wengi wamevikosa. Nchi inaweza kutajirika mara kumi na bado ukumbi una viti vile vile. Utajiri unachoongeza ni msukumano mlangoni.

Basi nani aingie? Mwanafalsafa Robert Nozick, mwaka 1974, alitoa mfano wa Wilt Chamberlain, nyota wa mpira wa kikapu. Tuseme kila mtazamaji anamtolea senti 25 kwa hiari yake ili amwone akicheza. Msimu ukiisha, Chamberlain ni tajiri. Nani kadhulumiwa? Hoja ina nguvu, na wengi wamehangaika nayo. Lakini senti 25 hazimrudishi mtu mlangoni. Nozick alifuata fedha zinakoishia. Hakuuliza bei inamwacha nani nje. Dola 850 kwa wakili wa Manhattan ni jioni moja na wageni. Kwa fundi gereji wa New Jersey, yule yule ambaye nyimbo za Springsteen zinamzungumzia, ni sehemu kubwa ya kodi ya nyumba ya mwezi. Na mafundi wakishaondolewa, chumba kinabadilika, kwa sababu ukaribu hautengenezwi na msanii peke yake. Hutengenezwa na waliomo. Bei imeharibu kidogo kile inachokiuza.

Wapenzi wa taarab wanajua namna nyingine ya kulipia ukaribu. Mtu anatoa kiingilio, anakaa, kisha wimbo ukimgusa anainuka, anajongea mbele kwa madaha na kumtunza mwimbaji noti huku ukumbi mzima ukitazama. Noti inaweza kuwa ndogo. Inaweza hata kuwa ujumbe kwa mbaya wake aliyekaa meza ya pili, na mbaya wake anaupata. Mashindano yamo tele, tena ya wazi. Ila fedha ile inatoka baada ya wimbo kugusa, na asiyetunza habanduliwi kitini. Anayetafuta kuonekana anaonekana bila kumfungia mwenzake mlango.

Iko pia njia ya bahati nasibu. Aprili 2013 bendi ya Rolling Stones ilipiga Echoplex, klabu ya watu mia kadhaa huko Los Angeles, siku chache kabla ya kuanza ziara ambayo tiketi zake ziliuzwa kwa mamia ya dola. Kiingilio kilikuwa dola 20 taslimu. Waliopata walichaguliwa kwa kura, na kitambulisho kikadaiwa. Ndiyo, lilikuwa pia tangazo la ziara. Wazee wale hawajawahi kuwa wajinga wa biashara. Lakini mlanguzi alikosa cha kuuza. Kura haimjui anayependa kuliko wote, huo ndio udhaifu wake, ila angalau haimbagui kwa mfuko wake.

Msanii anayeuza kwa bei nafuu bila ulinzi wa namna hiyo anamtajirisha mlanguzi tu, na hapo afadhali apandishe bei achukue chake. Ni haki yake. Asituambie tu kwamba amekuja ukumbi mdogo ili awe karibu na watu wake.