Kusikiliza na Kusali: Tamasha la Muziki Kanisani katika Mwambao wa Rumonge

Tamasha la muziki kanisani ni mkutano wa kusikiliza. Kwaya au mpiga kinanda hutoa muziki ndani ya jengo la ibada, saa ambayo ibada haipo. Waamini hukaa kwenye mabenchi yaleyale ya Jumapili na kuitazama altare ileile, lakini hakuna padri anayeadhimisha wala sakramenti inayotolewa. Lugha yenyewe huonyesha ugumu wa jambo hili. Kwaya ikiimba katika Misa, hakuna asemaye kwamba inatumbuiza. Ikiimba nyimbo hizohizo jioni kwenye tamasha, kitenzi hicho hutoka mdomoni bila kufikiri. Na neno tamasha lina harufu ya kutazama kuliko kusikia. Basi aliyeketi pale anafanya nini: anasali, au anaburudishwa?

Swali hili ni la kale, na aliyelieleza kwa uchungu kuliko wengi ni Mwafrika, Agostino wa Hippo. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 4, anakumbuka machozi aliyoyatoa aliposikia nyimbo za kanisa siku za uongofu wake. Hapohapo anakiri kwamba mara nyingine sauti humgusa kuliko maneno yanayoimbwa, na ikiwa hivyo anajiona ametenda dhambi, hata angetamani asingemsikia mwimbaji. Hakukata shauri moja kwa moja. Aliegemea upande wa kuruhusu uimbaji, kwa kuwa roho dhaifu huinuliwa na masikio. Mashaka yake yana faida kuliko majibu ya wengi waliomfuata, kwa sababu hayaweki kosa kwenye muziki. Yanaliweka kwa msikilizaji.

Tamasha kama desturi ya kudumu ya kanisa lilizaliwa baadaye sana, tena katika mji wa bandari. Huko Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, kanisa la Mtakatifu Maria lilikuwa na jioni za muziki zilizogharamiwa na wafanyabiashara wa mji. Dietrich Buxtehude, aliyeshika kinanda cha kanisa hilo mwaka 1668, alizipanga katika Jumapili tano kuelekea Noeli, na watu waliingia bure. Sifa yake ilienea kiasi kwamba mwaka 1705 kijana Johann Sebastian Bach alitembea kwa miguu takriban kilomita 400 kutoka Arnstadt ili kumsikia. Bach naye aliandika Mateso kadiri ya Mathayo kwa ajili ya ibada ya Ijumaa Kuu mjini Leipzig. Karne moja baadaye, mwaka 1829, mtunzi Mendelssohn aliifufua kazi hiyo Berlin, safari hii katika ukumbi wa muziki. Masiya, kazi ya mtunzi Handel, ilisafiri kinyume: ilianzia ukumbini Dublin mwaka 1742, na kuanzia 1750 ikaimbwa katika kanisa la kituo cha watoto waliotupwa jijini London, kwa kuchangia malezi yao. Leo Haleluya yake huimbwa kwa Kiswahili na kwaya za parokia Afrika Mashariki, kati ya waimbaji ambao wengi wao wameisoma kwa solfa na hawajawahi kuuona ukumbi wa muziki. Mpaka kati ya ibada na usikilizaji, kwa hiyo, umevukwa mara nyingi kutoka pande zote mbili.

Kanisa Katoliki limeuwekea mpaka huo kanuni. Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyotolewa Desemba 1963, iliagiza hazina ya muziki mtakatifu itunzwe, na pia muziki wa asili wa mataifa yaliyopokea Injili baadaye upewe heshima na nafasi yake. Matokeo ambayo wachache waliyatarajia ni kwamba sehemu kubwa ya hazina ile ya zamani, ndefu na ya Kilatini, haikutoshea tena katika Misa iliyorekebishwa. Barua ya Idara ya Ibada ya Vatikano ya tarehe 5 Novemba 1987 kuhusu matamasha makanisani ilikiri jambo hilo na kukubali kwamba tamasha linaweza kuwa mahali pa muziki huo. Iliweka masharti: muziki uwe mtakatifu au wa kidini, kibali cha askofu kiombwe, waimbaji wasikae patakatifu, Ekaristi ihamishiwe kikanisa cha pembeni inapowezekana, na kuingia kuwe bure. Sharti la mwisho ndilo lenye falsafa nzito kuliko yote. Tiketi humgeuza aliyekuja kuwa mnunuzi, na mnunuzi ana haki ya kuridhishwa. Aliyeingia bure hadaiwi wala hadai, na hapo usikilizaji wake unaweza kuwa karibu na sala.

Nchini Burundi swali hili lina mfano ambao Lübeck haikuwa nao, nao ni ngoma. Katika Kirundi, neno ingoma lilitaja ngoma na ufalme kwa pamoja. Karyenda, ngoma takatifu ya kifalme, haikuwa chombo cha burudani, na umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, ulikuwa na ngoma zake na walinzi wake. Ufalme ulipofutwa Novemba 1966, ngoma zilibaki bila mfalme. Wapigaji wakazipeleka kwenye majukwaa ya dunia, na mwaka 2014 UNESCO ikaziandika katika orodha ya urithi wa binadamu. Mrundi anayeona kundi la ngoma likikaribisha wageni kwenye hoteli anajua, bila kufundishwa na mwanateolojia yeyote, sauti takatifu ikiondolewa mahali pake inapata nini na inapoteza nini. Inapata masikio mengi. Inapoteza watu waliokuwa wakiwajibika nayo.

Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, takriban kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, ni mji wa samaki, mawese na Kiswahili. Hapa ndipo Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walipojaribu kwa mara ya kwanza kuanzisha misheni katika nchi ya Burundi, mwaka 1879. Jaribio hilo lilikoma Mei 1881, wamisionari Deniaud na Augier na msaidizi wao mlei, d'Hoop, walipouawa. Uislamu ulikwisha kufika ziwani kwa njia ya biashara ya mji wa Ujiji, na hadi leo parokia huishi jirani na misikiti. Majirani hao wanalo swali lilelile. Katika maulidi, kasida husomwa na dufu hupigwa, na wanazuoni hubishana kama inafaa. Mwanazuoni Al-Ghazali aliandika sura nzima juu ya usikilizaji katika kitabu chake, Ihya, akiuruhusu kwa masharti yanayohusu ala, maneno na hasa moyo wa anayesikia. Alifika karibu sana na pale Agostino alipokuwa amefika.

Mwambao una kalenda yake pia. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukijaa mwanga wa taa hauvuti samaki, hivyo boti nyingi hupumzika. Kwaya yenye wavuvi ndani yake ina sababu ya kuweka mazoezi marefu na tamasha katika siku za mbalamwezi, wakati besi na tenori wako nchi kavu. Ni jambo dogo, lakini tamasha lililopangwa kwa kufuata ziwa hukusanya parokia ambayo ratiba ya ofisini haiwezi kuikusanya.

Faida kubwa kwa parokia huja kabla ya tamasha. Wimbo wa sauti nne hudai miezi ya mazoezi, na mwalimu wa kwaya hulazimika kuketisha pamoja wauza samaki, wanafunzi na walimu, wengine wakisoma maneno kwa Kirundi, wengine kwa Kiswahili, Kifaransa au Kilatini. Katika nchi iliyopitia vita vya ndani vilivyoanza mwaka 1993, kusubiriana pumzi ni zoezi zito kuliko linavyoonekana.

Fedha ndiyo hatari iliyo karibu. Afrika Mashariki, tamasha la kwaya mara nyingi ni uzinduzi wa albamu, lenye mgeni rasmi, bahasha na ahadi zinazotangazwa kwa kipaza sauti. Hakuna ubaya kuchangia kinanda au sare. Ubaya huanza majina ya wachangiaji yanaposomwa kwa muda mrefu kuliko nyimbo, mbele ya altare, huku mama aliyetoka sokoni na sarafu chache akijiona ameingia mahali pasipo pake. Uchangishaji huo una nafasi yake nje, uani au katika ukumbi wa parokia. Ndani ya kanisa, kinachotosha kutangulia kila wimbo ni maelezo mafupi ya asili na maana yake, kama barua ya 1987 inavyopendekeza.