Mlango Unaosema

Nyumba yetu hapa Dodoma ina kitasa cha kubonyeza namba, kisichotaka ufunguo. Kila namba hulia, kisha mota ndogo husukuma komeo kwa mkoromo. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinapovimbisha mbao, komeo hukwaruza fremu na mkoromo huzidi. Mke wangu hulalamika, naye ana haki: mtoto mchanga huamka.

Milio ya namba niliizima. Mota haizimiki. Fundi seremala alipanua tundu la fremu, komeo likapita bila kukwama, sauti ikapungua sana. Nilifurahi kupita kiasi, na furaha ile ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Bibi yangu aliishi katika tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo. Jioni ng'ombe waliingizwa uani na mlango ukazibwa kwa magogo. Hakuna aliyeweza kuyaondoa kimya. Kelele ile ililinda mifugo. Lakini pia, nisifiche, ilitushitaki sisi vijana tuliochelewa. Marehemu baba alipiga hodi hata kwake mwenyewe.

Basi kimya hiki nakitafuta kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili yangu mimi ninayerudi saa sita usiku?

Juzi niliingia hadi chumbani bila kusikika. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani gizani, macho makavu, mtoto amelala fofofo.

"Nilikuwa nangoja kusikia mlango," akasema.