Neema, Imani na Matendo: Kipi Hutangulia?

Soma kwa somo hili: Mwanzo 15:1–6, Kutoka 20:1–11, Warumi 4:1–12, Warumi 6:1–4, Waefeso 2:1–10, Yakobo 2:14–26, Waebrania 4:9, 10.

Fungu la kukariri: Waefeso 2:8–10.

Wazo kuu: Matendo mema hayamfanyi mtu kuwa mwana wa Mungu, bali aliyefanywa mwana wa Mungu kwa neema hutenda matendo mema.

Udongo wenye chumvi

Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo kilicho kusini mwa Pemba. Watu wake huishi kwa uvuvi, kwa kilimo cha mwani na kwa mashamba madogo ya nchi kavu. Yako mabonde ya mpunga ambayo maji ya bahari yameyaingia na kuacha chumvi. Mkulima wa bonde kama hilo akilima mara mbili, chumvi ipo. Akitafuta mbegu bora, chumvi ipo. Tatizo si uvivu wake. Udongo wenyewe umeharibika, na jembe haliondoi chumvi.

Ndivyo Paulo anavyoanza Waefeso 2. Hasemi kwamba mwanadamu alikuwa dhaifu akihitaji kusaidiwa kidogo. Anasema alikuwa mfu kwa sababu ya dhambi. Mfu haponi kwa kuongezewa kazi. Kwa hiyo katika aya ya 4 mtendaji anabadilika: Mungu, aliye mwingi wa rehema, ndiye anayeanza. Neema ni kile Mungu anachotoa. Imani ni mkono unaopokea. Hata huo mkono hauna sifa ya kujivunia, kwa maana mwenye njaa hasifiwi kwa kupokea chakula.

Ibrahimu alihesabiwa haki lini?

Wengi husema kwamba Paulo na Yakobo wanapingana. Martin Luther mwenyewe, katika dibaji zake za Agano Jipya za mwaka 1522, aliiona barua ya Yakobo kuwa nyepesi kama majani makavu ikilinganishwa na barua za Paulo. Lakini wote wawili wanamtumia shahidi mmoja, Ibrahimu, na jibu liko katika mpangilio wa maisha yake.

Katika Mwanzo 15:6 Ibrahimu anaamini, naye anahesabiwa haki. Wakati huo Isaka hajazaliwa, wala Ibrahimu hajatahiriwa. Tohara inakuja katika sura ya 17. Paulo analishikilia jambo hili katika Warumi 4:10. Miaka mingi baadaye, katika Mwanzo 22, Ibrahimu anamtoa Isaka juu ya madhabahu, na hapo ndipo Yakobo anapoelekeza kidole. Paulo anajibu swali la mwenye dhambi: "Mungu atanipokea kwa msingi gani?" Yakobo anajibu swali la mtu anayejiita mwamini: "Imani yangu ni hai au imekufa?" Mlima Moria haukununua kile kilichotolewa katika sura ya 15. Ulionyesha kwamba kilipokelewa kweli.

Mwani na mizani

Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Maji yakipwa, mama hushuka pwani, hupigilia vigingi, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, kisha hungoja wiki sita hivi. Yeye hafanyi mwani ukue. Hata hivyo, kipande kilicho hai hukua, na kisichokua huonekana. Ndivyo ilivyo kwa imani: uhai ni wa Mungu, na uhai huonekana.

Lakini mfano huu una mwisho wake. Mwani ukikauka hupelekwa kwenye mizani, na mkulima hulipwa kwa kilo. Kadiri alivyofanya kazi ndivyo anavyodai. Paulo anaukataa mpango huo katika Warumi 4:4, 5. Ujira wa mfanyakazi ni deni, si zawadi. Na Mungu hana deni kwa mtu yeyote. Mwamini anayehesabu Sabato alizotunza, zaka alizorudisha na vyakula alivyoacha, akitarajia Mungu amlipe kwa kilo, ameigeuza Injili kuwa soko.

Hatari hiyo si ngeni kwa Waadventista Wasabato. Katika mkutano mkuu wa Minneapolis mwaka 1888, E. J. Waggoner na A. T. Jones walisisitiza haki ipatikanayo kwa imani, wakaungwa mkono na Ellen G. White, huku viongozi kadhaa wakiwapinga. Kanisa lililozitetea Amri Kumi kwa bidii lilihitaji kukumbushwa kwamba sheria bila Kristo haiokoi.

Bamvua ikiangukia Sabato

Fikiria mama mkulima wa mwani, wa kisiwa kama hiki, ambaye ameipokea Sabato. Bamvua huja mara mbili kwa kila mwezi mwandamo, nazo siku za maji kupwa sana ni chache. Mojawapo ikiangukia Sabato, yeye anaacha kamba zake wakati wenzake wako pwani. Je, anainunua mbingu kwa hasara hiyo?

La. Kutoka 20 haianzi na agizo. Inaanza na Mungu kutangaza kwamba amekwisha kuwatoa watu wake Misri. Kumbukumbu la Torati 5:15 inaiweka Sabato yenyewe juu ya ukombozi huo. Waebrania 4:10 inaonyesha mtu akipumzika katika kazi zake. Sabato inayotunzwa vizuri ni ukiri kwamba mwokozi ni Mungu, wala si mikono ya mtu.

Na ikiwa dhoruba imekata kamba, ada ya mtoto inadaiwa, naye kwa hofu akashuka pwani siku ya Sabato? Wapo watakaosema amepotea. Wapo watakaosema haidhuru, neema ipo. Wote wawili wamekosea. Wa kwanza amemsahau Mwombezi wa 1 Yohana 2:1. Wa pili amesahau Warumi 6:1, 2, maana neema inayosamehe ndiyo inayomfundisha mtu kumtegemea Mungu kuliko kamba. Mama huyo hahitaji hukumu wala udhuru. Anahitaji kurudi kwa Kristo, naye atapokelewa.

Yakobo anauliza zaidi. Katika 2:15, 16 lawama haimwendei mhitaji; inamwendea anayemwambia aende kwa amani bila kumpa kitu. Washiriki waliomfundisha mama huyo kuhusu Sabato, je, watakuwa naye pwani siku ya Jumapili, bamvua likiwa bado lipo, wakifunga kamba pamoja naye? Wasipokuwepo, basi imani iliyokufa si ya yule aliyeanguka. Ni ya wale waliomwimbia wimbo wa kufunga ibada wakaenda zao.

Jambo hili lina uzito zaidi mahali ambapo majirani karibu wote ni Waislamu wanaofunga, wanaosali na kutoa zaka. Mwadventista akiwaonyesha orodha tu ya anayokula na asiyokula, watamlinganisha na orodha yao. Akiwaonyesha mtu aliyesamehewa, ambaye kwa sababu hiyo husamehe, hulipa madeni na humhudumia mgonjwa wa jirani, wataona matendo na kuuliza chanzo chake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ni muhimu kwamba Mwanzo 15:6 inatangulia Mwanzo 17 na 22?

2. Mtu atajuaje kama anatii kwa sababu ameokolewa, au ili aokolewe? Je, tofauti hiyo huonekana zaidi anapofaulu, au anapoanguka?

3. Ni nani katika kundi lenu anayepata hasara ya kipato kwa kutunza Sabato? Darasa litafanya nini juma hili ili asiibebe hasara hiyo peke yake?