Wanangu, Mjueni Muuzaji Kabla ya Simu

Wanangu, kununua simu iliyotumika si aibu. Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu mkija kwenye meza yangu ya ufundi mnaongea kwa kunong'ona, kana kwamba mtumba ni kosa. Nchi hii inavaa mtumba na inaendesha magari ya mtumba kutoka Japani. Simu nzuri iliyokaa miaka miwili mikononi mwa mtu mtunzaji itakufaa kuliko simu mpya ya bei ileile iliyoundwa kwa kubanabana gharama. Nimetengeneza simu tangu enzi za vitufe, na nyingi zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za mkono wa pili. Kinachoninyima usingizi ni namna mnavyozinunua siku hizi: picha tatu kwenye Instagram, meseji mbili za WhatsApp, hela imeshatumwa. Hapo hujanunua simu bado. Umenunua neno la mtu usiyemjua.

Zamani ukitaka simu ulikwenda Kariakoo, ukazunguka mtaa wa Aggrey, ukadakwa na winga. Winga hana duka, lakini ana sura. Anasimama kona ileile kila siku, wenzake wanamjua, na duka alikotoa mzigo linajulikana. Simu ikizingua kesho, unarudi na kelele zako mpaka kieleweke. Sisemi mawinga wote ni malaika. Nasema wana mahali pa kupatikana. Ukurasa wa mtandaoni wenye jina la kupendeza na wafuasi maelfu hubadilishwa jina kabla ya jua kuzama, na namba uliyokuwa ukichati nayo ikazimwa usiku huohuo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapoumia bila kujua mlikosea wapi.

Kila simu ina namba yake ya utambulisho, IMEI, yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# utaiona; simu ya laini mbili itakuonyesha mbili. Ukiweka laini ndani ya simu na simu ikashika mtandao, kampuni ya simu inaona vyote viwili kwa pamoja, simu ni ipi na laini ni ya nani. Na laini za Tanzania leo zina wenyewe. Mnakumbuka Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Tangu hapo, nyuma ya laini yako kuna kidole chako na namba yako ya NIDA.

Fikirieni basi. Mama mmoja anashuka daladala Mwenge, kishandu, mkwapuaji wa simu, anapita na bodaboda, simu imekwenda. Mama anakwenda kituoni, anapewa RB, namba ya taarifa yake, anatoa boksi la simu lenye IMEI. Polisi wanauliza mitandao: simu hii sasa ina laini gani? Jibu linalorudi ni jina lako, kijana wangu. Yule kishandu aliitoa laini ya mama akaitupa, yake hakuiweka hata dakika moja. Aliyekuuzia mtandaoni alitumia namba iliyosajiliwa kwa jina la bibi wa kijijini asiye na habari. Katika mnyororo mzima, mtu pekee aliyeweka jina lake la kweli ni wewe uliyenunua.

Binti mmoja wa chuo aliniletea simu nimbadilishie kioo. Baadaye, binti akiwa ameshikiliwa kituoni, alikuja mama yake, macho yamevimba, kuuliza kama ninaweza kuthibitisha kwamba mwanawe aliinunua ile simu. Ningethibitisha nini? Mimi niliona kioo kilichopasuka. Ushahidi wa binti ulikuwa picha za mazungumzo na ukurasa ambao ulikuwa umeshafutwa. Mwishowe aliachiwa, lakini simu ilirudi kwa mwenyewe, hela haikurudi kwake, na mtihani ulimpita akiwa kituoni. Alikuwa mtoto mwema yule. Wema wake haukuandikwa popote.

Sheria yenyewe ikae vichwani mwenu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamshika anayepokea mali ya wizi akijua imeibwa, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo. Ni hayo maneno ya mwisho yanayonitia hofu kwa ajili yenu. Simu inayouzwa laki nane kila duka, wewe umeipata kwa laki mbili na nusu, haina boksi, haina risiti, mwenye nayo anataka mkutane stendi jioni na ana haraka ya kusafiri. Askari akikuuliza hukushtuka, utamjibu nini?

Na hata kama askari hatakuja, yuko mwenye simu. Ndani yake mlikuwa na namba za wateja wake wa mboga, picha za marehemu mumewe, akiba ya M-Pesa aliyokuwa anaidunduliza kwa ajili ya ada. Vishandu hawakwapui simu ili waziangalie. Wanakwapua kwa sababu wanajua kuna mtu, tena kijana aliyesoma, anayesubiri kuinunua bila kuuliza swali. Nawaomba msiwe huyo mtu.

Njia ya kukagua ipo na haina gharama ya maana. Chukua IMEI uliyoipata kwa *#06#, itume kwa meseji kwenda 15090. Utarudishiwa aina ya simu inayotambulika kwa namba hiyo. Ukiambiwa ni simu ya vitufe na mkononi umeshika Samsung kubwa, au namba haitambuliki kabisa, mrudishie mwenye nayo. Utaratibu huu ulishika kasi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki nchi nzima. Linganisha pia namba ya kwenye skrini na ile ya kwenye boksi, kwa kuwa boksi la simu nyingine hupatikana kirahisi tu. Lakini msilale mkidhani 15090 imemaliza kazi. Simu iliyoibwa jana ambayo mwenyewe hajaripoti itajibu vizuri kabisa. Na akitokea fundi wa kukuambia atakubadilishia IMEI, huyo anakuongezea kesi: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza jambo hilo.

Jingine ni kufuli za ndani. iPhone ina kufuli la akaunti tangu iOS 7 ya mwaka 2013, na Android zikafuata kuanzia toleo la 5.1 mwaka 2015. Maana yake, simu inamkumbuka mwenyewe hata ukiifuta yote. Kwa hiyo usiridhike kuikuta imewaka na inapiga picha. Muuzaji atoe akaunti yake mbele ya macho yako, kwenye mipangilio, kwa neno lake la siri. Kisha simu ifutwe yote, iwashwe upya, uiunganishe na intaneti, uipitishe hatua zote mpaka ifike ukurasa wa mwanzo. Ikiuliza akaunti ya mtu wa zamani, mazungumzo yameishia hapo. Atakayekuambia "nimesahau neno la siri, fundi atatoa", mimi ndiye huyo fundi, na nawaambieni: njia za kuruka kufuli la iPhone hukuachia kifaa nusu mfu. Mara nyingi hakipigi simu, na ukisasisha programu kinarudi kulekule.

Ya simu za mkopo ndiyo inayowanasa hata walio makini. Kijana anachukua simu kwa kulipa kidogo kidogo kila siku, analipa mwezi, anachoka, anaiuza mtandaoni. Ni mpya, ina boksi, ina risiti, IMEI safi, haijaibwa kwa mtu barabarani. Umeinunua. Malipo yanapokoma, simu inajifunga ikiwa mfukoni mwako, na kwenye skrini kuna deni la mtu mwingine. Kuifuta hakusaidii, kwa sababu kufuli hilo limeandikwa kwenye seva na linarudi simu ikigusa intaneti. Ndiyo maana nasema iunganishe na intaneti kabla ya kulipa, uiache dakika kadhaa, utazame kama kuna programu ya mkopeshaji inayojirudisha. Na muulize muuzaji wazi: deni limekwisha? Barua ya kumaliza deni iko wapi?

Kuhusu ubora wa simu yenyewe sitawachosha. Betri ya iPhone angalia asilimia ya afya yake. Ikishuka chini ya 80 jiandae kuibadilisha. Betri inayoonyesha 100 kwenye simu ya miaka minne imeshabadilishwa, uliza ni ya aina gani, na usome kwenye mipangilio kama simu yenyewe inalalamika kwamba haiitambui. Mgongo ulioinuka hata kidogo usiuguse. Hiyo betri imevimba na inaweza kuwaka moto. Kwenye Samsung nyingi bonyeza *#0*# upitishe rangi moja moja, madoa ya kioo yatajitokeza. Chungulia kwa tochi tundu la laini la iPhone: kile kibandiko cheupe kikiwa chekundu, maji yameshaingia. iPhone 14 na za baada yake zilizouzwa Marekani hazina hata tundu la laini, zinatumia eSIM pekee. Wapo waliozinunua kwa furaha ya bei, kisha wakaniletea niwatobolee mahali pa kuweka laini. Na simu ya zamani mno haina faida hata ukipewa bure. Tangu mwaka 2025 iPhone 6 haifungui WhatsApp, lakini mtandaoni bado zinatangazwa kwa maneno matamu.

Nirudi kwenye hela, maana hapo ndipo machozi ya wengi yalipo, hasa ninyi mlioko mikoani. Muuzaji yuko Dar, wewe uko Songea au Kigoma, anasema tuma hela nikuwekee mzigo kwenye basi. Mzigo unafika kweli, umefungwa kwa gundi tabaka tano, ukifungua unakutana na kipande cha sabuni. Au hautumwi kabisa: kwanza nauli ya boda, halafu hela ya kuishikilia maana kuna mteja mwingine, halafu ushuru, halafu kimya. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia kulikuwa na nafuu, angalau gunia lilikuwa mbele yako. Hakuna kijana asiye na mtu Dar. Una mjomba, una shemeji, una rafiki uliyesoma naye. Mwombe aende, tena aende na fundi, akague, ndipo hela itoke. Fundi mpe chochote kwa kazi yake, mtakuwa mmenunua amani. Muuzaji anayekataa simu yake ionwe na fundi ameshakuambia yote unayotaka kujua.

Mkikutana, mkutane mchana, mahali penye watu, dukani au benki. Mabinti zangu, hili nalisema mara mbili kwenu: usifuate simu kwenye gheto la mtu, hata akikuambia chaja imesahaulika ndani. Na unapolipa, lipa kwa simu, usitoe noti. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji linajitokeza, lisome. Kama uliyesimama naye anasema anaitwa hivi na skrini inasema vile, acha kwanza. "Ni namba ya bosi", "ni laini ya mke wangu": mwambie amlete bosi, amlete mke.

Kisha andikeni. Karatasi moja, kalamu moja: jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake, namba yake ya simu, IMEI, bei, tarehe, sahihi zenu na ya shahidi mmoja. Kama ana risiti ya kwanza, akupe. Najua mtaona haya kumwambia mtu mzima aandike. Msione haya. Muuzaji halali hata yeye karatasi inamlinda, kwa sababu simu ile ikitumika kesho kwa utapeli, ataonyesha kwamba haikuwa kwake tena. Ile karatasi ndiyo iliyokosekana siku mama wa yule binti alipokuja kwangu.

Wale ambao yameshawakuta, msikae na siri kwa aibu. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe, kisha nenda polisi na kila ulichonacho: meseji, jina lililotokea wakati unalipa, kiungo cha ukurasa. Ukigundua simu uliyoishika ni ya wizi, toa laini yako, izime, uipeleke kituoni mwenyewe pamoja na mzazi au mjumbe wa mtaa wako. Utaumia mfukoni, lakini utakuwa umekwenda kwa miguu yako, na hilo lina uzito mbele ya askari. Na nawasihi, hata kama ni ada yako yote iliyoingia humo, msiipige picha tatu nzuri mkaiweka mtandaoni kumwachia mwenzenu.