CHAKULA SAFI NI KIPI?

Masomo: Matendo 10:9–28; 1 Wakorintho 10:23–33





Ukiuliza hapa Buzuruga, "Chakula safi ni kipi?" utapata majibu mengi kadiri ya nyumba utakazoingia. Mama lishe atasema ni kile kilichoiva vizuri na kufunikwa nzi wasitue. Jirani yetu Mwislamu atasema ni kile cha halali: nyama iliyochinjwa kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, wala isiwe nguruwe. Jirani Msabato atafungua Walawi 11 akuonyeshe kwamba samaki asiye na mapezi na magamba haliwi. Kwa hiyo atanunua sato na kumwacha kambare, ijapokuwa wote wawili wametoka katika ziwa moja. Mzee mwingine atakutajia mwiko wa ukoo wake. Mgonjwa wa shinikizo la damu atasema ni kile kisicho na chumvi nyingi.

Na sisi Waanglikana? Wengi wetu twajibu upesi kwamba kwetu vyote ni safi, kisha twaendelea kula. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Na tulitazame pamoja.

Mtume Petro alikuwa Yafa, darini, mwenye njaa, alipoona nguo kubwa ikishuka yenye wanyama wa kila aina, naye akaamriwa achinje ale. Mara tatu alikataa, kwa sababu tangu utoto wake hakuwahi kula kitu najisi. Angali akishangaa maana ya maono yale, wajumbe wa Kornelio wakafika mlangoni. Sasa tuangalie sana aya ya 28. Petro alipofika nyumbani kwa Kornelio na kueleza alichofundishwa, hakusema habari za nyama hata kidogo. Alisema Mungu amemwonya asimwite mtu yeyote najisi. Maono yalianza na chakula, lakini mwisho wake ulikuwa watu.

Hata hivyo Petro huyo huyo, kama tusomavyo katika Wagalatia 2, alipokuwa Antiokia aliondoka katika meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa wenzake, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Basi somo hili si jepesi. Aliyeona maono kwa macho yake mwenyewe alihitaji kufundishwa mara ya pili.

Sisi nasi tunalihitaji. Mwezi wa Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam na watu walioona ni unajisi kuuzwa kati yao. Mwezi wa Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ambako twaenda kwa barabara ya Kigongo na Busisi, palitokea ugomvi juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa. Desturi ya siku nyingi ni kwamba Waislamu huchinja, ili wote waweze kununua. Baadhi ya Wakristo wakataka kuchinja wenyewe. Mchungaji mmoja aliuawa, na watu wengine wakaumizwa. Kila upande ulidai kulinda usafi wa chakula chake, na damu ya mwanadamu ikamwagika kwa ajili ya kitoweo. Yatupasa kujiuliza kama kuna nyama inayoweza kuitwa safi kwa bei hiyo.

Twajua wako ndugu zetu Wakristo ambao dhamiri yao huwasumbua. Wao huona kwamba nyama iliyoombewa sala ya dini nyingine ni kama sadaka. Swali hilo ni la zamani. Huko Korintho nyama nyingi ya sokoni ilikuwa imepita kwanza katika mahekalu ya miungu. Paulo aliwashauri Wakristo wanunue sokoni wale bila kuuliza-uliza, maana vyote vyatoka kwa Mungu. Lakini aliongeza kwamba kama kula kwetu kunamkwaza mwenzetu, tuache kwa ajili yake. Uhuru alitupa, kisha akauweka chini ya upendo.

Basi tukiwa na arusi au msiba, tukamwomba jirani Mwislamu atuchinjie ng'ombe, hatujapoteza chochote cha imani yetu, naye amepata kula pamoja nasi. Na Mkristo ambaye dhamiri yake inakataa, achinje kuku wake nyumbani ale kwa amani, wala mtu asimdharau.

Jambo la pili ni ukweli. Wako watu wanaomlisha mgeni kitimoto pasipo kumwambia, kisha humcheka akiisha kumeza. Huo si uhuru wa Kikristo. Ni uongo uliotiwa katika sahani. Miaka ile tuliyofundisha chuo cha ualimu, wanachuo wa dini zote walikula katika bwalo moja. Tunamkumbuka mpishi mmoja aliyetenga sufuria na miiko ya kila kitoweo, hata siku ambazo hapakuwa na mtu wa kumkagua. Wanachuo walijua hivyo, wakala bila wasiwasi.

Jambo la tatu ni usafi wa mikono. Katika Marko 7 Bwana wetu alifundisha kwamba kimwingiacho mtu hakimtii unajisi. Wengine huitumia sura hiyo kujitetea wasinawe! Bwana alikuwa akisema juu ya mapokeo ya wazee. Hakuturuhusu kupelekeana kipindupindu. Twakumbuka mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wabichi wa kwetu kwa hofu ya ugonjwa huo. Mwaka 1999 samaki wa ziwa letu walizuiwa tena, kwa sababu ya habari za watu wanaovua kwa sumu. Wavuvi wengi wasio na hatia walipata hasara.

Fikirini habari za sangara aliyevuliwa kwa sumu. Mapezi anayo, magamba anayo, wala hahitaji kuchinjwa. Msabato atamla, Mwislamu atamla, nasi tutamla kwa sala. Kwa kila sheria ya meza ni safi, lakini aliyemvua amemtia jirani yake kifo mdomoni. Vivyo hivyo dagaa walioanikwa mchangani penye kinyesi, na maziwa yaliyoongezwa maji ya kisima. Unajisi wake umetoka moyoni mwa muuzaji, kama Bwana alivyosema katika sura ile ile.

Kwa hiyo, ndugu, swali la Mkristo lisiishie kwenye "Je, naruhusiwa kula hiki?" Tuulize pia, "Je, jirani yangu anaweza kula kwangu bila hofu?" Akina mama na akina baba mtakaopika katika shughuli za mtaa wetu, tunawasihi mambo matatu: mwambieni mgeni kilichomo chunguni kabla hajaketi, wekeni chombo cha peke yake kwa mwenye mwiko, bila kumnung'unikia, na maji ya kunawa na sabuni yawe mlangoni kwa wote, mzee wa kanisa na mtoto.

Ee Bwana Yesu, uliyeketi kula pamoja na watoza ushuru wala hukuona haya, usafishe mikono yetu, vyungu vyetu na mioyo yetu, ili kila ajaye mezani petu aondoke ameshiba na kwa amani. Amina.